WMI iliharibika, nikaambiwa niformati: uzoefu wangu Luthuli

Fundi akikuambia kompyuta yako ya mezani lazima iformatiwe, muulize kwanza kama ameipima WMI, yaani sehemu ya Windows inayozipa programu taarifa za mashine. Mimi nusura nilipie kazi isiyohitajika.

Yangu inatumia Windows 10 na ndiyo inayobeba hesabu za duka letu Umoja. Jioni moja stima ilipotea ikarudi, ikapotea tena, na tangu hapo vituko vikaanza. Kuwaka inawaka vizuri, lakini programu ya stoo ikakataa kufunguka, eti haiwezi kusoma taarifa za mashine. Ukifungua msinfo32, programu ya Windows ya kuonyesha taarifa za mashine, nako hupati kitu ila ujumbe kwamba taarifa haziwezi kukusanywa. Fundi wa mtaani hakugusa hata kibodi. "Windows imekufa hiyo, tuformati tu." Shilingi 3,000, na mafaili niyahamishe mwenyewe.

Nikabeba CPU hadi Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi, kwa kijana mmoja mwenye meza ghorofani. Alifungua dirisha la amri kama msimamizi, akaandika winmgmt /verifyrepository, na jibu likaja kwamba hazina, yaani mahali WMI inapohifadhi taarifa zake, ina hitilafu. "Mama, hii ni WMI. Hesabu zako haziko humu kabisa." Akanionyesha folda yenyewe, C:\Windows\System32\wbem\Repository, na ndani yake OBJECTS.DATA na INDEX.BTR. Programu ikitaka kujua habari za diski au huduma zinazoendeshwa, huulizia kupitia WMI. Hazina ikivurugika, hakuna wa kujibu.

Kilichonifurahisha ni kwamba hakukurupuka. Alisimamisha huduma ya Winmgmt inayoendesha WMI, akanakili folda ile kwenye flashi, ndipo akatumia winmgmt /salvagerepository, ambayo hujenga hazina upya na kuokoa kile kinachosomeka katika ile ya zamani. Alipopima tena, ikawa sawa. Binti yangu alikuwa ameona kwenye simu habari za /resetrepository, nikamuuliza kijana mbona asimalizie na hiyo. Akasema hiyo ni ya mwisho kabisa: hurudisha hazina ilivyokuwa Windows iliposakinishwa, na programu zilizojisajili humo baadaye huenda ukalazimika kuzisakinisha upya. Kuhusu wanaofuta folda nzima, alicheka tu.

Baadaye aliendesha sfc /scannow, amri inayokagua mafaili ya Windows (hapo ndipo muda ulipoishia, nikashuka kutafuta chai) na kuangalia afya ya diski, kwa sababu diski inayokufa itaivuruga hazina tena hata ukiitengeneza vipi. Diski ilikuwa nzima.

Nililipa 1,000 kwa M-Pesa. Programu ya stoo inafunguka na hesabu zote zipo. Malalamiko ninayo: hatoi risiti hadi umdai, na spika za maduka ya chini zinapigwa mpaka mnaongea kwa kupaza sauti. Kuegesha gari karibu pia ni shida, kwa hiyo jiandae kubeba CPU mkononi. UPS, ile betri ya kuishikilia kompyuta stima ikipotea, aliyonishauri ninunue nitainunua, ila si kwake. Bei yake ilinishinda.