Microsoft Defender, programu ya kukinga virusi, kwenye kompyuta ya nyumbani: uzoefu wangu hapa Mtwara

Kila msimu wa korosho, tangu minada inapofunguliwa mwezi Oktoba hadi malipo ya mwisho yanapoingia, kompyuta yangu mpakato hugeuka kuwa ofisi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ninaishi Shangani, na nina mikorosho michache upande wa Nanyamba. Kwa kuwa malipo yetu ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huingizwa moja kwa moja katika akaunti ya benki, nilijizoeza kuyafuatilia kwa intaneti badala ya kwenda mjini kupanga foleni kutwa nzima pamoja na wakulima wenzangu, ambao siku za malipo huwa wengi kuliko viti.

Jioni moja ya Novemba iliyopita niliingia kwenye ukurasa wa benki yangu kama kawaida. Baada ya kuandika jina na nywila, pakatokea kisanduku ambacho sikuwahi kukiona, kikitaka tarakimu zote za kadi yangu, namba ya siri ninayotumia kwenye ATM na namba yangu ya simu, eti kwa uhakiki wa usalama. Rangi zilikuwa za benki, nembo ilikuwa ya benki, anwani ya juu ilikuwa sahihi herufi kwa herufi, na alama ya kufuli ilikuwapo mahali pake. Kilichonishtua ni Kiswahili chake. Ukurasa mzima ulisema "nywila", lakini kisanduku kile kilisema "neno la kupita", na chini yake kikaniagiza "nisukume kitufe ili niendelee mbele". Mtu aliyesahihisha insha za kidato cha pili kwa miaka 31 hawezi kupita hapo bila kusimama. Nikachukua simu ya mke wangu, nikafungua ukurasa uleule: kisanduku hakikuwapo. Hapo nikajua kwamba tatizo haliko benki, liko juu ya meza yangu.

Nieleze kidogo jinsi jambo hili linavyotendeka, maana watu wengi wameambiwa kwamba wakiona kufuli basi wako salama. Kufuli lile linamaanisha kwamba mawasiliano kati ya kivinjari na benki yamefichwa njiani, hivyo mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Lakini virusi vya kibenki havikai njiani. Hukaa ndani ya kompyuta yenyewe, hujipenyeza kwenye kivinjari, husubiri ukurasa wa benki ufike na kufunguliwa, kisha huongeza visanduku vyao kabla wewe hujauona. Kirusi kilichoitangaza sana mbinu hiyo, Zeus, kilianza kujulikana mwaka 2007. Msimbo wake ulipovuja mwaka 2011, kila mhalifu akapata mbegu ya kupanda kirusi chake. Mtandao mmoja wa kompyuta zilizoambukizwa uliozaliwa humo, Gameover Zeus, ulivunjwa na polisi wa nchi kadhaa mwaka 2014, baada ya FBI ya Marekani kukadiria kwamba hasara yake ilipita dola milioni 100. Mbinu yenyewe haikufa pamoja nao.

Nilichomoa modemu papo hapo. Nikapiga namba iliyo nyuma ya kadi yangu, binti wa huduma kwa wateja akanisikiliza, akasema, "Mzee wangu, usiiguse tena hiyo kompyuta kwa mambo ya benki," akaifunga huduma yangu ya intaneti kwa muda. Walipoifungua, nilibadilisha nywila kwa kutumia simu, kwa sababu kubadilisha nywila kwenye kompyuta iliyoambukizwa ni sawa na kumkabidhi mwizi ufunguo mpya.

Sasa nije kwenye programu ninayoitathmini. Microsoft Defender haikugharimu hata senti, kwa kuwa huja ndani ya Windows, na kwa muda wote huo niliamini kwamba inanilinda. Nilipofungua Windows Security, sehemu ya Windows yenye mipangilio ya ulinzi, nikakuta ulinzi wa muda wote umezimwa. Baya zaidi, kwenye orodha ya vitu visivyopaswa kukaguliwa kulikuwa na mstari mmoja tu, nao ulikuwa diski C yote. Ni kama kuajiri mlinzi, ukamwambia achunguze kila mahali isipokuwa nyumba.

Aliyefanya hivyo alikuwa fundi mmoja mjini, ambaye mwaka mmoja kabla nilimpa shilingi 30,000 aniwekee Windows upya kompyuta ilipokuwa nzito. Aliniwekea Windows ya krak, yaani isiyolipiwa, na programu inayoidanganya Windows ijione imelipiwa haifanyi kazi mpaka ulinzi uzimwe kwanza. Nilipomfuata hakukataa. "Mwalimu," aliniambia, "wote tunafanya hivyo, ukiiwasha ile Defender inaifuta krak." Alisema kweli, na ndiyo sifa nzuri kuliko zote nilizowahi kuisikia programu hiyo ikipewa.

Niliufuta mstari ule, nikawasha ulinzi, kisha nikatumia ukaguzi wa nje ya mtandao, ambao huizima kompyuta na kuiwasha upya kisha kuikagua kabla Windows yenyewe haijaamka, ili kirusi kisipate nafasi ya kujificha. Microsoft husema ukaguzi huo huchukua kama dakika 15. Kwenye kompyuta yangu ulichukua dakika 40, feni ikilia kama cherehani, nami nikiomba TANESCO wasituzimie umeme katikati, kwa kuwa betri yangu haihimili hata nusu saa. Ripoti ilionyesha vitu vitatu, viwili vikiwa na majina yanayoanza na neno Trojan, yaani kirusi kinachojifanya programu ya kawaida.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kompyuta iliyokuwa wazi kwa mwaka mzima sikuweza kuiamini kwa ajili ya fedha. Vilevile Windows 10 niliyokuwa nayo ilikoma kupata huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Nilihamisha nyaraka zangu tu, bila programu yoyote, mpwa wangu akapakua Windows 11 kutoka tovuti ya Microsoft kwenye flashi ya GB 8, akaifuta diski yote na kusakinisha upya. Nilikuwa nimejiandaa kununua leseni. Haikuhitajika. Kompyuta hizi zilizouzwa na Windows halali huwa na ufunguo wake umehifadhiwa kwenye ubao mama, yaani bodi kuu iliyo ndani ya kompyuta, hivyo mara tu ilipounganishwa na intaneti ilijithibitisha yenyewe. Ile krak ya shilingi 30,000 ilikuwa imewekwa juu ya leseni niliyokuwa nayo tayari.

Baada ya miezi kadhaa ya matumizi, malalamiko yangu ni haya. Masasisho hula bando bila huruma, na nimelazimika kuitambulisha modemu kwa Windows kama mtandao wa kulipia kwa kiasi ili yasishuke yote kwa mkupuo, ingawa ya usalama nayaruhusu hata mwisho wa mwezi. Ukaguzi kamili huchukua karibu saa tatu na huifanya kompyuta iwe nzito kiasi kwamba nauacha ufanyike usiku. Maonyo yake yameandikwa kwa lugha ya mafundi. Malwarebytes ya bure nimeiweka pembeni kama jicho la pili, ila ieleweke kwamba majaribio ya siku 14 yakiisha, toleo hilo hukagua pale tu unapoliagiza, halikai mlangoni. Na hakuna programu kati ya hizi itakayomzuia mtu kumtajia tapeli kwenye simu namba ya uthibitisho iliyoingia kwa ujumbe mfupi. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawahitaji kirusi.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya bando.

Badiliko lililonisaidia kuliko yote halikuwa ndani ya Defender. Wajukuu wangu wamepewa akaunti yao isiyo na mamlaka ya kusakinisha kitu, na akaunti yenye mamlaka ina nywila ninayoijua mimi peke yangu. Jumapili iliyopita mmoja wao alinifuata barazani akilalamika, "Babu, kompyuta inataka nywila yako, ni mchezo wa mpira tu." Nilipokwenda kuangalia, mchezo huo wa mpira ulikuwa faili la KB 600, na maelekezo yaliyoambatana nalo yalianza kwa kumtaka azime antivirasi kwanza.