Walituwashia taa kuku akiwa bado anacheza

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya kiti, maana kilikuwa laini na mgongo wangu ulikuwa umetoka zamu ya ghalani.

Hapa Berlin kuna jumba dogo la sinema linaloonyesha filamu za zamani. Jina silitaji. Majuzi, kabla baridi haijakolea, waliweka Stroszek ya mwaka 1977, ya mwongozaji Mjerumani Werner Herzog, na mhusika mkuu anachezwa na Bruno S. Niliingoja kama mtoto anavyoingoja Idi. Mimi naendesha foklifti, na mzee mmoja ninayefanya naye kazi ndiye aliyenidokeza kwamba Bruno naye aliendesha foklifti kiwandani, kisha akitoka kazini anapiga kodiani kwenye nyua za nyumba za mji huu huu.

Jina lake kamili ni Bruno Schleinstein, aliyezaliwa Berlin mwaka 1932. Mama yake alimpiga, akaishia kwenye vituo vya kulelea watoto enzi za Wanazi, akahamishwa huku na huku kwa zaidi ya miaka 20. Uigizaji hakuusomea hata siku moja. Herzog alimwona kwenye filamu ya hali halisi, akampa nafasi ya Kaspar Hauser, yule kijana aliyezuka Nuremberg mwaka 1828 akiwa hawezi hata kujieleza. Kaspar alikuwa na miaka kama 16. Bruno alikuwa amevuka 40! Nenda kaitazame uniambie kama miaka hiyo iliwahi kukusumbua. Kwenye tamasha la filamu la Cannes, mwaka 1975, filamu ile ilipata tuzo kubwa ya majaji.

Stroszek ilizaliwa kwa deni. Herzog alikuwa amemwahidi Bruno nafasi ya Woyzeck, mhusika mkuu wa filamu yake nyingine, kisha akampa mwigizaji Klaus Kinski. Ili kumfidia akakaa chini siku nne akamwandikia filamu yake mwenyewe. Ndiyo maana chumba unachokiona ni chumba cha Bruno kweli, na vyombo vya muziki ni vyake. Kuna mahali anamwonyesha Eva, mwenzake wa kike ndani ya filamu, kitu alichokiunda kwa mikono, anasema ndivyo Bruno alivyo ndani, na kwamba milango yote anafungiwa. Anajitaja kwa jina, kama anamsemea mtu mwingine. Na kuna mahali, wakiwa wamehamia Wisconsin, anakumbuka kituoni: mtoto aliyekojoa kitandani alisimamishwa akiinua shuka juu kwa mikono miwili mpaka ikauke. Huku Marekani, anasema, wanakuumiza kwa upole, wakikuchekea. Mimi niliyekaa ugenini miaka hii yote nilishindwa kumeza mate.

Sasa nifike kwenye kilichonileta hapa.

Mwishoni nyumba yao ya magurudumu imepigwa mnada, dalali anamwaga maneno kama mvua ya mawe. Bruno amebaki na bunduki na bata mzinga aliyegandishwa. Analiacha lori likizunguka lenyewe linawaka moto, anapanda viti vya kamba vinavyokwenda mlimani. Chini kuna vibanda vya wanyama: unatia sarafu, kuku anacheza. Na kuku yule anacheza, anacheza, hakuna anayekuja kumzima. Hapo ndipo filamu nzima inapokushika koo.

Hapo ndipo kijana wa mlangoni alipowasha taa, akafungua mlango, akaanza kuokota chupa.

Nikamwambia kwa heshima, samahani, bado haijaisha. Hakunitazama. Akasema, "Imeisha, amebaki kuku tu."

Amebaki kuku tu! Ndani ya filamu polisi mwenyewe anaita redioni kwamba kuku ameshindikana kuzuiwa. Yeye kamzima kwa kidole kimoja. Watu wakaanza kusimama, makoti, simu, mikwaruzo ya viti, na mimi nimekaa nimeshika tiketi yangu. Mtu aliyefungiwa milango tangu utotoni, katika mji huu huu, na nyinyi mnashindwa kumpa dakika chache za giza? Pesa ya tiketi si kitu, ningelipa hata mara mbili. Ile dharau ndiyo iliyonikera.

Niwe mkweli: picha ilikuwa safi, sauti safi, na ni wapi pengine ningemwona Bruno kwenye kitambaa kikubwa namna ile? Nilipokuwa nakwenda kupanda treni nilikuwa bado nasikia ile harmonika. Kwa hilo wanastahili tatu. Hata nne.

Lakini kila nikifika kwenye nne namsikia tena yule kijana. Kuku tu. Baada ya filamu zile mbili Herzog hakumtumia tena. Bruno alirudi kwenye kodiani yake na michoro yake, akafia hapa hapa Berlin mwaka 2010. Na kuna mtu analipwa mshahara kwenye nyumba ya sinema hajui hilo, wala haoni haya kutolijua.

Moja. Inabaki moja. Nimewaandikia nikiomba wakionyesha Kaspar Hauser wasiguse taa mpaka kitambaa kiwe cheusi kabisa. Wakinijibu ndiyo, siku hiyo nitabadilishana zamu na mzee wangu, twende wote.