Mishale ya Kununua kwa Ajili ya Upinde wa Mti Uliochongwa Nyumbani

Mwezi Juni nilimlipa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam shilingi 180,000 kwa mishale sita ya kaboni. Niliipokea stendi ya Mtwara ikiwa imefungwa vizuri, na kabla ya magharibi, huku Mikindani, ilikuwa imekwisha kuchora mkwaruzo mweusi ubavuni mwa mshikio wa upinde wangu wa mkole. Kila nilipolenga gunia la makumbi, mshale ulipiga mti, ukatupwa kushoto na kuchoma mchanga. Muuzaji alikuwa ameniuliza jambo moja tu, yaani nguvu ya upinde; nilimjibu ratili 35, akaniletea mishale ya namba 500.

Ugumu wa wano, yaani ufito wa mshale, ndio unaosahauliwa. Upinde wa kiwandani huchongwa dirisha, yaani pengo juu ya mshikio, ili mshale upite karibu na katikati, lakini tunaouchonga wenyewe mara nyingi hauna dirisha, hivyo mshale hukaa pembeni mwa mshikio na hauna budi kujipinda unapoachiliwa, uuzunguke mti, kisha unyooke. Ulio mgumu mno haujipindi, na kwa anayevuta upote (kamba ya upinde) kwa mkono wa kulia huenda kushoto. Namba ya kaboni hupima ulegevu: wano huegeshwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, hutundikwa gramu 880 katikati, na likibonyea nusu inchi huitwa 500. Namba ikiwa kubwa, mshale ni laini zaidi. Muuzaji wangu aliniambia kinyume chake. Mimi sasa hupima kwa misumari miwili iliyoachana sentimita 71 na chupa ya maji niliyoipima kwa mizani ya duka hadi ikafika gramu hizo.

Chaguo langu la kwanza, bila kusita, ni alumini ya kampuni ya Easton, namba 1716. Tarakimu mbili za mwanzo ni kipenyo kwa sehemu za 64 za inchi, na mbili za mwisho ni unene wa ukuta kwa sehemu za elfu za inchi. Kwa kipimo kilekile cha gramu 880, wano hilo hubonyea milimita 22 hivi, linafanana na wenzake, na unyevu wa pwani haulipindi.

La pili ni mwanzi mkavu ulionyooshwa kwa moto, mradi kila wano lipimwe peke yake, kwa kuwa mianzi ya shina moja hutofautiana, na kipindi cha mvua hupinda tena. La tatu ni kaboni ya namba 700 au zaidi. Uikunje kidogo na kuisikiliza kabla ya kila zamu, kwani iliyopasuka huweza kuvunjikia mkononi. Ya nyuzi za kioo ni rahisi na mizito, nami siinunui.

Yoyote utakayochagua, dai manyoya halisi, kwa sababu ya plastiki hugonga mshikio na kuuhamisha mshale, na uzito wake wote usipungue nusu gramu kwa kila ratili ya upinde, kwani mshale mwepesi mno huuvunja upinde wa mti.

Nilipoomba kurudisha ile sita, muuzaji alikataa, akadai kwamba upinde wangu ndio mbovu, na nauli ya kifurushi ikabaki juu yangu. Upinde huohuo, kwa 1716 alizoniletea mpwa wangu, unachoma gunia la makumbi katikati kwa hatua 20.