Kitabu Kipi cha Kanuni Ununue: Upanga wa Kupiga Tu au Upanga Wenye Hila

Anayenunua kitabu cha kanuni za mchezo wa kuigiza mezani, ambamo kila mchezaji huongoza mhusika mmoja na kete huamua kama amefaulu, huangalia kwanza michoro na unene wa kitabu, kisha jioni ya tatu hugundua kwamba kinachochosha kundi lake ni muda unaopita tangu mchezaji aseme "nampiga" hadi mwenzake apewe zamu. Muda huo hutegemea silaha kuliko uchawi, kwa sababu uchawi hutumika mara chache za kuhesabika lakini upanga huinuliwa kila duru. Kwa hiyo nimepanga vitabu vitano kwa kipimo kimoja: kila pigo linazaa maswali mangapi, na maswali hayo yanakuja kabla ya kete kutupwa au baada yake. Swali linalokuja kabla, mchezaji anaweza kulitafakari wakati wengine wanacheza; linalokuja baada husimamisha meza nzima.

Mvutano huu ni wa zamani kama mchezo wenyewe. Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974, kila silaha iliumiza kwa kete moja ya pande sita, jambia sawa na upanga wa mikono miwili. Mwaka uliofuata nyongeza ya kanuni ilizipa silaha kete tofauti, na kufikia 1978 toleo la mchezo huo liitwalo Advanced lilikuwa na jedwali la kulinganisha kila silaha na kila aina ya kinga, jedwali ambalo meza nyingi zililiruka bila kujuta. Mnunuzi wa leo bado anachagua mahali pa kusimama kati ya kete ile moja na jedwali lile.

Nafasi ya kwanza naipa Dragonbane, toleo la 2023 la mchezo wa Kiswidi ulioanza mwaka 1982, nikipendekeza sanduku lake badala ya kitabu peke yake, kwa kuwa ndani yake mna kanuni, visa vya kuchezwa, kete na kadi za kupangia zamu. Katika mchezo huu deraya hupunguza maumivu ya pigo, na mwenye silaha ya kuchoma anaweza kutafuta upenyo: anatupa kete mbili za pande 20 na kulazimika kuchukua iliyo mbaya zaidi, lakini pigo likifika, deraya haihesabiwi kabisa. Mwenye jambia anayemkabili askari aliyefunikwa chuma mwili mzima ana swali moja tu la kujiuliza, tena kabla ya kutupa: nipige kawaida na pigo liishie kwenye chuma, au nibahatishe kwenye upenyo? Kukinga pigo nako humgharimu mkingaji zamu yake ya duru hiyo, na pigo likizidi uimara wa silaha aliyokingia, silaha hiyo huharibika. Hila zote hizo mtu huzielewa kwa kuambiwa mara moja, hata kama hajawahi kushika kete, kwa sababu zinafanana na mapigano jinsi kila mtu anavyoyawaza.

Ya pili ni Player's Handbook ya Dungeons & Dragons ya mwaka 2024, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndicho kitabu ambacho wengi watakinunua hata nikisema nini. Toleo hili liliongeza umahiri wa silaha, yaani uwezo wa aina nane, na kila silaha imepewa mmoja. Mpiganaji wa ngazi ya kwanza huchagua silaha tatu za kuzimahiri. Kwenye karatasi uwezo huo unaonekana una uzito sawa, lakini mezani sivyo. Chukua mpiganaji wa ngazi ya tano mwenye nyundo kubwa ya mikono miwili, ambayo uwezo wake ni kuangusha. Kila pigo linalofika humlazimisha adui kutupa kete ya kujinusuru asianguke. Mpiganaji huyo ana mapigo mawili, na akitumia msukumo wa ziada, yaani uwezo wake wa kurudia mapigo katika zamu hiyohiyo, anakuwa na manne: kete nne za kulenga, nne za maumivu na, yakifika yote, nne za kujinusuru. Ni mitupo 12 katika zamu moja ya mtu mmoja, na theluthi yake ni ya msimamizi wa mchezo, anayewachezesha maadui. Sasa mpe mpiganaji huyohuyo upanga mkubwa, ambao uwezo wake ni kukwaruza: pigo likikosa, adui anaumia kwa kiasi cha nyongeza ya nguvu ya mpigaji, bila kutupa chochote. Mitupo haizidi minane, hakuna swali hata moja, na mchezaji hapati ile huzuni ya kusubiri dakika kumi ili akose.

Kuna gharama nyingine ambayo kitabu hakiisemi, nayo ni ya kukumbuka. Upanga mrefu humdhoofisha adui katika pigo lake linalofuata, na anayepaswa kulikumbuka hilo ni msimamizi, ambaye tayari ana maadui watano kichwani. Kitara chembamba cha kuchomea kinafanya kinyume, kwa sababu faida inamrudia mpigaji mwenyewe katika pigo lake lijalo, na mtu hasahau faida yake. Ushauri wangu ni kwamba mgeni apewe upanga mkubwa au kitara hicho, na nyundo ya kuangusha aachiwe yule mchezaji ambaye huanza kutangaza kiwango cha kujinusuru, yaani namba ambayo kete ya adui lazima iifikie asianguke, kabla hajaulizwa. Kiwango hicho ni 8 pamoja na nyongeza ya nguvu na ya ustadi, hivyo mpiganaji wetu wa ngazi ya tano mwenye nyongeza za 4 na 3 anaandika 15 kwenye kadi yake na hesabu hairudiwi tena.

Nafasi ya tatu ni Player Core ya Pathfinder, iliyotoka mwaka 2023. Wengi wataiita nzito, nami nakubali, ila uzito wake umekaa pazuri kuliko inavyodhaniwa. Mchezaji ana vitendo vitatu kila zamu. Kete ya kulenga ya pigo la pili hukatwa 5 na ya la tatu 10, isipokuwa silaha ziwe nyepesi, ambapo makato ni 4 na 8. Rungu la mnyororo haliangushi mtu kila linapogonga, bali humruhusu mwenye nalo kutumia kitendo kizima kujaribu kumwangusha adui, akichagua hivyo kabla ya kete. Tabu ni wingi wa sifa, yaani kanuni ndogo zinazoambatana na silaha, kwani silaha moja inaweza kubeba tatu au nne, na mchezaji asiyezisoma nyumbani atazisomea mezani. Nunua kitabu hiki ikiwa angalau wachezaji wawili wa kundi lako husoma kanuni kwa hiari yao. Kabla ya kulipa, kumbuka kwamba kanuni zake husomwa bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys, kwa ridhaa ya mchapishaji.

Ya nne ni Cairn, ambayo ningeiweka juu zaidi kama kundi lako linachoshwa na hesabu. Hakuna kete ya kulenga: pigo hufika daima, unatupa kete ya maumivu na kupunguza kiasi cha kinga ya adui. Upanga ni kete ya pande 8, shoka kubwa la vita ni ya pande 10 lakini linachukua nafasi mbili kati ya kumi za mzigo wako, na wengi wakimshambulia mmoja huhesabiwa kete iliyo kubwa tu. Hila zinabaki kwenye maneno ya wachezaji, jambo linalowafaa wasemaji na kuwanyima wakimya. Nakala yake ya kidijitali ni ya bure.

Ya mwisho ni GURPS, toleo la nne la mwaka 2004, katika juzuu mbili. Kila duru ni sekunde moja, jeraha la kukata huzidishwa kwa moja na nusu na la kuchoma kiwiliwili kwa mbili baada ya kupunguza kiasi cha kinga, na silaha nyingine nzito hudai zamu nzima ya kuiweka tayari tena. Hakuna kitabu kati ya hivi kinachoonyesha vizuri zaidi kwa nini watu walibuni mkuki, wala kinachokula muda wa jioni zaidi. Kuna muhtasari wake wa bure wa kurasa 32. Cheza pambano moja kwa huo, watu wawili dhidi ya wawili, saa ikiwa mezani, ndipo uamue kuhusu juzuu.

Kwa yeyote atakayechukua Dungeons & Dragons, nakala moja yatosha kundi zima mwanzoni, kwa sababu umahiri wa silaha umo pia katika hati ya kanuni ya 5.2 inayotolewa bure tangu 2025. Nakili uwezo wa silaha ya kila mchezaji kwenye kadi yake, mstari mmoja, kwa maneno yake mwenyewe; uwezo usioenea kwenye mstari mmoja, mbadilishie silaha.