microSHIFT Advent X kwenye mountain baiki ya mtumba: inalipa

Wakuu, kama una mountain baiki ya mtumba yenye sahani tatu za meno mbele kwenye pedeli na gia tisa nyuma, na cheni imeshaanza kuruka ukikanyaga mlimani, chukua hii Advent X, seti ya gia ya kampuni ya microSHIFT. Nimeifunga mwenyewe home na naiendesha huku Arusha, njia za chini ya Meru, leo vumbi kesho tope.

Kilichonivuta ni habu, kile kitovu cha ringi la nyuma. Deore ya Shimano ya gia 12 ni nzuri hilo halina ubishi, lakini kaseti yake (lile rundo la gia za nyuma) ya meno 10 mpaka 51 inataka habu ya aina mpya inaitwa Micro Spline, yani umenunua gia halafu unajikuta unatafuta na habu mpya au ringi zima la nyuma. Advent X ni gia 10, kaseti ya meno 11 mpaka 48, na inakaa kwenye habu ya HG, aina ya zamani ya Shimano, ambayo ndo iko kwenye baiskeli nyingi za zamani. Hakikisha tu yako sio friwili, yani gia za nyuma za kufungwa kwa uzi kama nati, hiyo haiingiliani kabisa.

Mbele unatoa zote tatu unaweka moja ya meno 32, ile yenye jino nene na jembamba yanapishana, inang'ang'ania cheni hata kwenye mawe. Mlima je? Zamani gia nyepesi kabisa ilikuwa meno 22 mbele kwa 34 nyuma, yani ukizungusha pedeli mara moja tairi linazunguka mara 0.65, sasa ni 32 kwa 48, 0.67, miguu haijui hata kama kuna tofauti. Unachopoteza ni spidi ya lami, 44 kwa 11 ilikuwa 4, sasa unaishia 2.9, kwahiyo kama wewe ni wa kushinda barabara ya Moshi achana nayo.

Kufunga sio kazi ngumu ukiwa na zana ya kaseti, kikata cheni na elenki. Ila kabla hujagusa skrubu za H na L, zile za kuzuia diraila (kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni) isipitilize, angalia kile kipande cha fremu kinachobeba diraila, maana baiskeli za mtumba zinakuja zimelundikwa kwenye kontena na nyingi zinafika kimepinda, na kikipinda hata utyuni mpaka asubuhi gia hii itakaa ile itakataa. Weka na waya mpya pamoja na ganda lake, watu wanabakiza waya wenye kutu halafu lawama zote kwa diraila.

Klachi ya diraila, ile inayoikaza cheni isirukeruke, ndo naipenda kuliko vyote. Kwenye makorongo kimya kabisa, cheni haigongi fremu, na ina kiswichi, ukitaka kutoa tairi unazima cheni inalegea, ukirudisha unawasha.

Ukiagiza, shifta (ile ya kubadilishia gia kwenye usukani), diraila na kaseti zote ziwe za Advent X, shifta ya Shimano inavuta waya kwa kipimo kingine. Cheni yoyote nzuri ya gia 10 inafaa.