Kuuza Hilux ya 1996 bila dalali: uzoefu wangu Iringa

Nimemaliza kuuza pikapu yangu mwenyewe, na kwa kuwa wengi huniuliza kama inalipa, jibu ni ndiyo, ila mteja wangu hakutoka mtandaoni kama nilivyotarajia. Alitoka gereji.

Gari ni Toyota Hilux LN106, dabo kabini, ya mwaka 1996, namba B, yaani herufi za usajili zinaanza na B. Injini ni 3L ya dizeli, cc 2,779, haina tabo wala kompyuta, springi za majani mbele na nyuma. Niliinunua mnadani ikiwa na namba za DFP, yaani ilikuwa ya mradi wa wafadhili, na kwangu kazi yake ilikuwa kufuata mbao Mafinga na kuzileta karakana. Mzigo umekua, nataka Canter, lori dogo, ndiyo maana nikaiuza. Ilikuwa haina shida yoyote, na hilo ndilo lililonisumbua kwenye bei, maana gari la umri huo watu wanalipima kwa namba yake kabla ya kulisikia likiunguruma.

Nilianzia yadi ya magari. Jamaa wa pale akalizunguka mara moja, akasema milioni 13, boneti hakufungua. Sikumlaumu, yeye anahesabu siku ambazo litakaa pale likila vumbi. Nikaongea na dalali. Wa kwangu alitaka kwanza nilipige rangi upya na "kurekebisha" dashibodi ili kilomita zishuke. La kilomita sikulijibu. La rangi nilikataa kwa sababu ya kibiashara tu: Hilux ya 1996 inayong'aa kama imetoka bandarini inamfanya mnunuzi mwenye akili aanze kugonga milango akitafuta pati iliyofunika kutu na mikunjo. Rangi yangu imefifia kwenye boneti na karia imekwaruzwa na mbao. Hivyo vinaonyesha gari limefanya kazi gani. Halafu dalali anaweka cha juu, yaani anaongeza pesa yake juu ya bei yako, wewe hujui mteja kaambiwa nini, na mteja akifika anakuangalia wewe kama mwizi.

Nikatangaza mwenyewe: picha za mchana, moja ya chini ya gari, bei milioni 18, maongezi yapo, njoo na fundi wako. Simu haikupumzika. "Bado ipo?" Ipo. Kimya. "Bei ya mwisho?" Mkuu, hujaiona, mwisho wa nini? Mmoja alitaka tubadilishane na kiwanja ambacho hati yake "iko njiani". Mwingine akataka nimtumie picha ya kadi ya gari mbele na nyuma kabla hata ya kuuliza gari liko mkoa gani. Hapo msicheze. Kadi mteja ataiona kwa macho yake akifika. Mtu mwenye picha ya kadi yako na picha za gari lako anaweza kulitangaza kana kwamba ni lake na kudaka "advansi" za watu.

Kilichonipa mteja ni fundi wangu. Yeye ndiye amekuwa akimwaga oili ya gari hilo miaka yote, tairi alilijua na nati alizijua. Nikamwambia: leta mnunuzi, laki mbili zako natoa mimi, na bei ni hii hii usiongeze hata mia. Ukishakubaliana naye hivyo, hana sababu ya kuweka cha juu, na neno lake kwa mafundi wenzake lina uzito kuliko picha zako zote. Kuna watu wanazitafuta 3L zilizotunzwa na hawaingii kwenye matangazo kabisa. Wanauliza mafundi. Wengi ni wakulima na watu wa mazao, ambao gari lenye injini ya kompyuta likiwazimikia shambani hawana wa kuliamsha.

Mzee mmoja wa Ilula, mkulima wa nyanya, akapiga simu jioni. Kamwene nyingi, ndiyo salamu ya huku, habari za nyumbani, kisha ombi moja: "Kesho usiliwashe mpaka nifike." Nikajua huyu ni mnunuzi.

Ilikuwa Julai, na baridi ya Iringa ya asubuhi mnaijua. Akafika na kijana wake fundi. Kabla ya kunipa mkono aliweka kiganja kwenye boneti. Baridi. Akafungua, kijana akafungua rejeta akaingiza kidole kutafuta mafuta kwenye maji, maana injini hizi zikichemka silinda hedi inapasuka, kila fundi analijua hilo. Hamna kitu. Nikawasha: taa ya hita plagi ikazima, stata mara moja, moshi mweupe kidogo ukapotea. Kijana akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza juu chini na kukiweka palepale kwenye tundu huku injini inaunguruma. Injini inayopumua, yaani iliyochakaa ndani mpaka inasukuma hewa juu, hukirusha. Changu kilitetemeka tu, hakikuhama. Mzee alikitazama muda mrefu kuliko alivyotazama gari lote.

Wakalala chini. Spana ikawa inagonga chesisi kipande kwa kipande, hasa nyuma ya kabini na pale springi za nyuma zinaposhikwa, kusikiliza kutu au kulehemu. Wakafuta tope karibu na gurudumu la mbele kulia wakasoma namba ya chesisi herufi kwa herufi dhidi ya kadi, kisha namba ya injini. Hili ni muhimu kwenu mnaouza: kama uliwahi kubadilisha injini na kadi haikubadilishwa, maliza hilo kwanza, utapoteza mteja saa hiyo hiyo.

Jaribio la barabarani lilikuwa fupi. Tukashuka Ipogolo, tukageuza, mzee akapanda mlima kurudi mjini kwa gia ya tatu, jicho kwenye mshale wa joto. Haukusogea. Viti vimechanika, redio imekufa, hakuuliza lolote. Aliuliza daftari. Ninalo, oili kila kilomita 5,000, risiti zimebanwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa taimingi belti, ule mkanda wa injini unaobadilishwa kwa kilomita.

"Milioni 15, mwanangu."

"Mzee, kwa 15 ningekuwa nimeshaliuza. Toa 17 na nusu."

Tukanywa chai. Tukafika 16 na nusu, nikaacha jeki, tairi la akiba na turubai. Ni milioni 3 na nusu juu ya bei ya yadi; ukitoa laki mbili za fundi, inabaki milioni 3 na laki tatu.

Kuhusu madeni, tuliingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za trafiki kwa simu, tukaangalia na ushuru wa maegesho wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Safi. Akauliza road licence, nikamkumbusha ilifutwa 2017. Malipo tulifanyia benki, yeye akatoa kwenye akaunti yake ikaingia kwenye yangu tukiwa dirisha moja. Pesa taslimu za kiasi hicho sizipokei gereji wala nyumbani.

Mkataba tuliandikia kwa wakili, kila mtu na kitambulisho na TIN yake. Kule TRA, mamlaka ya mapato, kuna ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani ya gari, ada ya uhamisho shilingi 50,000 na kadi mpya 10,000. Kwa milioni 16 na nusu ni 225,000, na kwa desturi analipa mnunuzi, lakini semeni kabla ya kupeana mkono. Mimi niliongozana naye mpaka maombi yakapokelewa, maana faini na ajali vinafuata jina lililoko kwenye kadi, na huyo akiwa bado ni wewe, polisi watakutafuta wewe. Mnunuzi akikwambia jina atabadilisha mwakani, mwambie basi na gari atalichukua mwakani.