TAHADHARI: Brashi za kunyolea "za singa za farasi" zinazouzwa Lamu

Vinyozi wenzangu wa Lamu, Shela na Mokowe, na nyinyi mnaojinyoa nyumbani: kuna mchuuzi anazunguka na brashi za kunyolea, akiapa kuwa ni singa za farasi kutoka Uturuki. Msinunue. Mimi nilinunua sita, shilingi 900 moja, na zimenidhuria wateja watatu.

Alinijia kibandani Langoni jioni, wakati wateja wamejaa. Brashi aliyonipa niishike ilikuwa laini kweli. Nikaipitisha shavuni mwangu, nikaridhika. Alizoniuzia zilikuwa ndani ya maboksi yaliyofungwa. M-Pesa hakuitaka, alitaka taslimu tu. Kesho yake simu haipatikani.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee jirani yangu, amekuja kutengenezwa ndevu kabla ya swala ya Ijumaa. Nilipomzungushia povu shingoni akasema, "Mwanangu, mbona yachoma?" Nikadhani ni sabuni. Jumamosi shingo imekuwa nyekundu, vipele vidogo vyenye maji kuanzia chini ya sikio hadi kidevuni, hata pale ambapo wembe haukupita. Shabu niliyompaka ilimzidishia mwasho.

Usiku nikaloweka moja kwenye bakuli jeupe la maji moto. Maji yakawa meusi kama wino. Asubuhi ule mstari mweusi uliokuwa katikati ya nywele za brashi umefifia, na nywele zenyewe ni za manjano hafifu, nene, ngumu, ncha zimepasuka mbilimbili. Nikabandua stika ya boksi. Chini yake imechapishwa "Pure Bristle". Katika biashara ya brashi hizi, maneno hayo maana yake ni nywele za nguruwe.

Niliishiwa nguvu. Vipele vitapona, lakini nimempaka mzee wa watu najisi usoni, kisha akaenda msikitini. Wote watatu nimewafuata majumbani, nimewaeleza na kuwaomba radhi. Vyombo vyangu nimeviosha mara saba, moja kwa udongo. Anayetaka kuuza brashi ya nguruwe amwambie mnunuzi ni nini. Huyu alizipaka rangi na kuziita farasi.

Na hiyo rangi ni hatari peke yake. Aliyewahi kubabuka kwa piko la harusi, ile rangi nyeusi ya kujipamba mikono, anajua: ngozi ikishaikataa rangi, hubabuka tena kila inapoguswa nayo. Hata farasi wa kweli ataka tahadhari. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta kutokana na brashi za singa ambazo hazikusafishwa vizuri. Brashi ikinuka zizi, usiipeleke usoni.

Kama umeshanunua, iloweke usiku kucha kwenye chombo cheupe kabla haijamgusa mtu. Chomoa unywele mmoja uuchome: nailoni huyeyuka ikawa tone, nywele za mnyama hunuka kama nywele zilizoungua. Mwenye vipele aache kunyoa mpaka vikauke, asipake spiriti wala shabu. Vikitunga usaha au uso ukivimba, aende hospitali siku hiyohiyo.

Mimi nimerudia brashi za nailoni. Zile sita bado ninazo na maboksi yake, stika nimezibandua nusu ili maandishi yaonekane. Anayetaka kulinganisha na yake apite kibandani baada ya alasiri.